Shahada ya Uhasibu na Biashara: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuchagua Kozi

Kijana anayetafuta nafasi ya kusoma shahada ya uhasibu au ya biashara hukutana kwanza na majina ya kozi, nayo yanakaribiana mno: uhasibu, uhasibu na fedha, benki na fedha, usimamizi wa biashara, masoko, ununuzi na ugavi. Mzazi naye huuliza ni ipi yenye ajira. Sisi tunaofundisha fani hizi tungependa swali jingine litangulie: mhitimu wa kozi hii ataweza kufanya nini siku atakapokabidhiwa jalada la risiti, hundi na ankara za ofisi ambayo hajawahi kuifanyia kazi?

Vyuo vya taaluma vya Tanzania vilianzishwa kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilianza mwaka 1965, wakati nchi ikiwa na wazalendo wachache mno wenye ujuzi wa kutunza hesabu na kuendesha biashara. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoziweka benki na makampuni makubwa mikononi mwa umma, mahitaji ya wahasibu yaliongezeka kwa kasi, na mwaka 1972 zikatungwa sheria za kuanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Baadaye kilikuja Chuo cha Uhasibu Arusha, na leo Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi hadi Mtwara, Singida na Kigoma.

Mwaka wa kwanza wa shahada hutumika kujenga msingi: kanuni ya maingizo mawili (kila muamala kuandikwa pande mbili, debiti na krediti), leja (daftari la akaunti), urari (orodha ya salio za leja ya kuhakikisha pande hizo mbili zinalingana), hisabati za biashara, uchumi na sheria za biashara. Miaka miwili inayofuata huingia katika uhasibu wa gharama, kodi, ukaguzi, usimamizi wa fedha na uandaaji wa taarifa za fedha kwa viwango vya kimataifa, ambavyo Tanzania ilivipokea mwaka 2004. Orodha hii utaikuta karibu katika kila chuo. Kinachotofautiana ni namna masomo yenyewe yanavyofundishwa, na mfano mmoja utalionyesha jambo hilo vizuri zaidi kuliko maelezo ya jumla.

Tuchukue kazi ya kusuluhisha hesabu za benki, yaani kulinganisha daftari la ofisi na taarifa ya benki na kueleza tofauti zake, ambayo wanafunzi wengi huiona ndogo. Daftari la fedha la ofisi linaonyesha salio la shilingi 4,350,000, ilhali taarifa ya benki ya tarehe hiyohiyo inaonyesha shilingi 4,815,000. Mwanafunzi aliyekariri tu hubaki akiitazama tofauti ya shilingi 465,000 bila kujua aanzie wapi. Aliyezoezwa kwa nyaraka halisi hupitia mstari kwa mstari, akakuta kwamba hundi ya shilingi 600,000 aliyopewa mzabuni bado haijapelekwa benki, kwamba shilingi 120,000 zilizowekwa benki jioni ya siku ya mwisho ziliingizwa siku iliyofuata, na kwamba benki ilikata ada ya shilingi 15,000 ambayo ofisi haikuinakili. Salio la benki likiongezwa 120,000 na kupunguzwa 600,000 linakuwa shilingi 4,335,000, na daftari la ofisi likipunguzwa 15,000 linafika hapohapo. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa, anayoiweza hata mtoto wa shule ya msingi. Ugumu uko katika kujua ni tofauti ipi inayotakiwa kurekebishwa katika daftari na ipi ya kusubiri benki, na zaidi ya hapo katika kuiona hundi iliyokaa miezi kadhaa bila kuwasilishwa na kuwa na ujasiri wa kuuliza sababu yake. Ofisi isiyosuluhisha hesabu zake kila mwezi inaweza kuibiwa kwa muda mrefu bila mtu yeyote kugundua, na hasara hiyo huwaangukia wanachama, wenye hisa au walipakodi.

Kodi nayo ina mitego yake. Risiti ikionyesha jumla ya shilingi 118,000 pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha Tanzania Bara, kodi iliyomo ni shilingi 18,000, wala si 21,240. Anayeizidisha jumla yote kwa asilimia 18 amesahau kwamba kodi ilikwisha kuongezwa juu ya bei ya shilingi 100,000. Akilirudia kosa hilo katika ankara 200 za namna hiyo, atakuwa amekosea kwa shilingi 648,000. Programu ya kompyuta haiwezi kumwokoa ikiwa yeye mwenyewe ndiye aliyeiingizia tarakimu hizo. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba mwanafunzi azitengeneze leja na urari kwa mkono kabla ya kukalishwa mbele ya programu za uhasibu kama QuickBooks au Tally, na kabla ya kukutana na Mfumo wa Ulipaji Serikalini (MUSE) atakapoajiriwa na umma.

Kozi za biashara zisizo za uhasibu mara nyingi huchukuliwa kuwa kimbilio la waliokosa nafasi, na dhana hiyo haina msingi. Mtendaji wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho mkoani Mtwara anapaswa kuelewa mfumo wa stakabadhi ghalani (mazao huhifadhiwa ghalani kwa stakabadhi hadi yauzwe), mnada, makato na mikataba ya usafirishaji, na mtu wa ununuzi na ugavi au wa usimamizi wa biashara huandaliwa kwa kazi hizo kuliko mhasibu. Kijana anayependa kukutana na watu na kupatana bei atafanya vema zaidi huko.

Jambo ambalo mzazi hana budi kulichunguza kwa makini ni mafunzo kwa vitendo. Ulizeni chuo: ni nani anayemtafutia mwanafunzi nafasi, ni nani anayekwenda kumkagua, na ripoti yake husahihishwa kwa vigezo gani? Mwanafunzi aliyetumwa kupiga nakala na kupanga mafaili kwa majuma yote ya mafunzo amepoteza muda ambao hautarudi. Anatakiwa angalau aandae hati za malipo, asuluhishe akaunti moja ya benki chini ya usimamizi, na ashiriki kuhesabu mali ghalani.

Kwa anayesoma uhasibu, shahada peke yake haimfanyi awe mhasibu aliyethibitishwa. Mitihani ya NBAA hufanyika mwezi Mei na Novemba, na mwenye shahada ya uhasibu inayotambuliwa husamehewa ngazi ya msingi, akaanzia ngazi ya kati kisha ya mwisho. Akifaulu na kutimiza uzoefu wa kazi unaotakiwa, ndipo anapoweza kusajiliwa na kutumia sifa ya CPA(T), yaani mhasibu aliyethibitishwa wa Tanzania. Tunawashauri wanafunzi waanze kuisoma mitaala ya Bodi wakiwa mwaka wa pili, kwa kuwa mada nyingi zinafuatana na zile za darasani na huwa bado hazijasahaulika.

Kwa wale ambao matokeo ya kidato cha sita hayakutosha, na kwa waliomaliza kidato cha nne, ipo njia ya kupitia cheti na stashahada, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 za Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Njia hii ni ndefu, lakini anayeipita huingia shahada akiwa amekwisha kuandika leja nyingi na kwenda kazini kwa mafunzo zaidi ya mara moja, na tofauti hiyo huonekana wazi darasani katika muhula wa kwanza. Kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji ahakikishe kwamba chuo na programu anayoitaka vinatambuliwa na mamlaka ya ngazi hiyo, NACTVET kwa cheti na stashahada, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa udahili wa shahada.