Dondoo la mmea: maana yake katika kutuliza maumivu na kulinda ubongo

Dondoo la mmea ni kile kinachopatikana baada ya kuloweka, kuchemsha au kupitisha mvuke kwenye sehemu fulani ya mmea, ili kemikali zilizomo zitoke na makapi yaachwe. Unga wa mzizi uliosagwa bado ni mzizi mzima katika umbo jingine, lakini dondoo limekwisha kuachana na sehemu kubwa ya mmea, na kilichobaki ndani yake hutegemea kiyeyusho, yaani kimiminika kinachozitoa kemikali kwenye mmea, joto, muda na kama yalichukuliwa majani, magamba au mizizi. Ndiyo maana madondoo mawili ya mti uleule, moja la maji na jingine la alkoholi, yanaweza kuwa dawa mbili zisizofanana, na anayesema kwamba mti fulani unatibu bila kueleza umetayarishwa vipi hajasema jambo linaloweza kupimwa.

Jikoni jambo hili huonekana wazi. Ukitia kijiko cha manjano katika glasi ya maji baridi na kukoroga, maji hubadilika rangi kwa muda kisha unga hutuama chini. Ukiutia unga huohuo katika mafuta ya moto, rangi hutoka na kuenea kote. Kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, haiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta na alkoholi. Kwa hiyo chai ya manjano iliyochujwa hubeba kurkumini kidogo sana, na hata hicho kidogo hufyonzwa kwa shida utumboni na kuvunjwavunjwa upesi. Watengenezaji wengi wa vidonge vya manjano huongeza piperini, kemikali ya pilipili manga, ambayo huzuia mwili usiivunje kurkumini haraka. Lakini piperini haichagui: inaweza pia kuchelewesha kuvunjwa kwa dawa za hospitali alizomeza mgonjwa, zikazidi katika damu.

Kwa upande wa maumivu, mfano ulio karibu nasi zaidi ni karafuu. Kisiwani Pemba, karafuu zenyewe hukaushwa na kuuzwa, na makonyo, yaani vile vishina vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, kukenekwa kwa mvuke. Mvuke hupita katikati ya makonyo, huchukua mafuta, kisha hupozwa. Na kwa kuwa mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hukaa chini ya maji badala ya kuelea juu kama mafuta ya nazi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali moja, yujenoli, ambayo hutia ganzi kwa kuzuia neva zisipeleke taarifa ya maumivu, na pia hupunguza utengenezaji wa kemikali za mwili zinazochochea uvimbe. Madaktari wa meno huchanganya yujenoli na unga wa oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda, kwa hiyo bibi anayemwambia mjukuu wake aume karafuu kwenye jino bovu hana tofauti kubwa na kliniki, ila tu jino lenyewe linabaki bovu.

Hapohapo ndipo tofauti ya mmea na dondoo inapokuwa ya hatari. Karafuu mbili tatu katika pilau hazimdhuru mtu, lakini watoto wadogo waliokunywa mililita chache za mafuta yake wameripotiwa kupata degedege na ini kushindwa kufanya kazi. Kukamua nguvu ya mmea kuiweka katika tone ni kukamua pia sumu yake, na hoja ya kwamba kitu ni cha asili haibadilishi hesabu hiyo.

Si madondoo yote yanayotuliza maumivu kwa njia ya ganzi. Mofini, iliyotengwa kutoka utomvu wa mpopi mwanzoni mwa karne ya 19 na mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner, hufanya kazi ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na hadi leo ndiyo tegemeo la wagonjwa wa saratani wenye maumivu makali. Salisini, iliyotolewa katika magamba ya mti wa wilo mwaka 1828, hupunguza uvimbe mahali penye jeraha. Aspirini iliyotengenezwa na Felix Hoffmann mwaka 1897 ni ya ukoo huo, ingawa aspirini yenyewe si dondoo bali ni kemikali iliyotengenezwa maabara. Kapsaisini ya pilipili ina njia ya ajabu zaidi: huamsha kipokezi, yaani kitambuzi kidogo kwenye neva, kilekile kinachotambua joto kali, ndiyo maana pilipili huwasha, kisha neva zilizoamshwa mno huchoka na kunyamaza. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius huko Marekani, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Leo kuna plasta yenye asilimia 8 ya kapsaisini ambayo hubandikwa na mhudumu wa afya kwa muda wa saa moja au pungufu, kwa ajili ya maumivu ya neva kama yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi.

Kulinda ubongo ni dai la aina nyingine, na kwa maoni yangu ndilo linalotumiwa ovyo kuliko yote katika matangazo ya dawa za mitishamba. Maumivu mgonjwa huyasikia mwenyewe, na katika muda wa saa chache anaweza kusema yamepungua au hayakupungua. Kulinda ubongo, kwa maana yake kamili, ni kuzuia au kuchelewesha kufa kwa seli za neva, iwe ni baada ya kiharusi au katika maradhi ya taratibu kama Parkinson, ya kutetemeka, na Alzheimer, ya kupoteza kumbukumbu, na hilo halionekani kwa macho wala halijulikani kwa wiki mbili. Linahitaji watu wengi wafuatiliwe kwa miaka, nusu yao wakipewa dondoo na nusu wakipewa kidonge kisicho na dawa, bila wao wala madaktari wao kujua nani kapewa nini.

Katika maabara, kwa upande mwingine, kulinda seli ni rahisi mno. Dondoo lolote lenye polifenoli, kundi la kemikali zilizomo katika mimea mingi, la majani ya chai likiwemo, likimwagwa juu ya seli zilizotiwa kemikali ya kuziunguza, huenda likaziokoa baadhi. Mwilini dondoo hilo linapaswa kwanza kufyonzwa, kisha kuponyoka kwenye ini, kisha kuvuka ukuta wa mishipa midogo ya damu unaouzuilia ubongo vitu vingi visiingie. Mengi hayafiki.

Mfano unaofundisha zaidi ni ginkgo, mti wa China. Dondoo lake lililosanifishwa, yaani lililotengenezwa kwa kipimo kisichobadilika, lina asilimia 24 hivi ya flavonoidi na 6 ya laktoni za terpeni, makundi mawili ya kemikali za mti huo, na kilo moja yake hutokana na takriban kilo 50 za majani makavu. Huko Marekani wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walishiriki katika jaribio ambalo baadhi yao walipewa miligramu 120 za dondoo hilo mara mbili kwa siku, wakafuatiliwa kwa miaka sita hivi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliotumia ginkgo walipata demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, sawasawa na wasioitumia. Galantamini, iliyopatikana kwanza katika ua dogo la Ulaya liitwalo Galanthus, imefaulu zaidi, nayo ni dawa inayotambuliwa kwa wagonjwa wa Alzheimer; lakini kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za neva, ili seli zilizobaki ziwasiliane vizuri zaidi. Mgonjwa anaweza kukumbuka vyema kwa muda, ilhali seli zake zinaendelea kufa. Huko ni kupunguza dalili, na hakupaswi kuitwa ulinzi.

Mnunuzi wa dondoo basi ana mambo machache ya kutafuta kwenye kibandiko: jina la mmea na sehemu iliyotumika, kiyeyusho, kilo ngapi za mmea zilitoa kilo moja ya dondoo, na kiasi cha kemikali kuu katika kila kidonge. Chupa nyingi zinazouzwa mitaani hazina hata moja kati ya hayo. Mtu anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda amweleze daktari kabla ya kugusa ginkgo au magamba ya wilo, kwa kuwa damu inaweza kutoka bila kukoma. Na asiyepatana na aspirini aliepuke kabisa dondoo la wilo.