Panya Anayeharisha Si Lazima Awe na "Bandama Dhaifu"

Mtu anayeharisha mara kwa mara, tumbo limejaa gesi, hamu ya kula hana na uchovu haumwachi, tabibu wa tiba asilia ya Kichina huweza kumwambia kuwa ana upungufu wa chi, yaani nguvu ya uhai, ya bandama. Bandama hiyo si kiungo cha chini ya mbavu za kushoto kinachovimba kwa malaria. Ni jina la kazi nzima ya kusaga chakula na kukigeuza kuwa nguvu. Tabibu Li Dongyuan, aliyefariki mwaka 1251, alifundisha kwamba kazi hiyo huharibiwa na kula ovyo, kuchoka kupita kiasi na mawazo mengi.

Sasa, ukitaka kuijaribu tiba yake kwa wanyama, utampaje panya wa maabara hali hiyo?

Njia iliyozoeleka ni kumnywesha maji ya mzizi wa dahuang, mmea wa dawa ya kuharisha, kwa siku kadhaa. Bakteria wa utumbo huugeuza kuwa kemikali inayousukuma utumbo mpana, na panya huharisha, hukonda, manyoya hukosa mng'ao, hujikunyata na wenzake. Watafiti wengine humdunga reserpini, dawa inayomaliza akiba ya kemikali za neva. Utumbo huenda mbio na kope zinalegea. Hapo mimi husita. Reserpini hiyohiyo hutumika katika maabara nyingine kutengeneza panya wa sonona. Mnyama ni mmoja, majina mawili.

Karibu zaidi na mafundisho ya Li ni kumlisha panya leo, kumnyima kesho, na kumwogelesha hadi achoke. Huchukua muda, lakini chanzo kinafanana na cha mgonjwa. Kisha hupimwa uzito, kinyesi, na sukari iitwayo zailosi: panya huinywa, halafu damu huonyesha utumbo umefyonza kiasi gani.

Bado panya hawezi kusema anajisikiaje, na mapigo yake hayasomeki kama ya mgonjwa mbele ya tabibu. Ndiyo maana watafiti wengi humpa dawa ya Kichina ya kutibu bandama dhaifu, mchanganyiko wa ginseng, baizhu, fuling na mzizi wa susi. Akipona, wanasema kweli ilikuwa bandama. Hoja hiyo inajizunguka yenyewe. Panya wa dahuang huanza kupata nafuu akiachishwa tu, bila dawa yoyote, kwa hiyo lazima liwepo kundi linaloachwa lipone lenyewe. Utafiti usio na kundi hilo mimi siuhesabu kuwa ushahidi, hata kama pakiti ya dawa imeandikwa "imejaribiwa kwa wanyama".

Kichefuchefu kina shida yake: panya hawezi kutapika. Akichafukwa hula udongo mweupe, na watafiti hupima gramu alizokula. Anayetaka kuona matapishi hasa humtumia kirukanjia wa Asia, jamii ileile iliyofika hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Huyo ukimtikisa tu, anatapika.