Manowari ya nchi rafiki bandarini: nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi

Kila manowari ya nje inapopita mlango wa bandari ya Dar es Salaam, simu za ofisini kwetu hazipumziki. Kuna anayeuliza kama nchi iko vitani. Kuna anayeuliza wanajeshi hao wataondoka lini, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua kwamba hawaondoki. Na kuna anayedai bandari imegawiwa jeshi la kigeni. Hapana, bandari haikugawiwa jeshi la mtu. Mjadala wa mwaka 2023 kuhusu uwekezaji wa DP World, kampuni ya Dubai, bandarini ni habari nyingine kabisa, tusichanganye mafaili.

Tuchukue India. Wengi wetu tumeizoea kwa masomo, matibabu na filamu. Mpango wake wa ITEC, unaotoa mafunzo kwa watu wa nchi rafiki, ulianza mwaka 1964, na mwaka 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza kwa vyuo vya IIT kuwa nje ya India. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Rais Samia Suluhu Hassan alizuru New Delhi, uhusiano ukapandishwa kuwa ubia wa kimkakati, ukiwemo mpango wa miaka 5 wa ushirikiano wa ulinzi. Aprili 2025 likafanyika hapa Dar zoezi la pamoja la majeshi ya majini liitwalo AIKEYME, waandaaji wakiwa Jeshi la Wanamaji la India na JWTZ, pamoja na washiriki kutoka nchi nyingine 8, zikiwemo Kenya, Komoro na Msumbiji. Siku za mwanzo zilikuwa za mafunzo bandarini, kisha meli zikatoka baharini kufanya mazoezi ya uokoaji na ukaguzi wa vyombo vinavyotiliwa shaka.

Rafiki wa vitabu na hospitali amefuata nini na mizinga? Bahari ni ileile. Majahazi ya heroini hutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, yakishuka kusini kuelekea kwetu. Maharamia wa Kisomali waliibuka tena mwishoni mwa 2023. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilishambuliwa na magaidi waliovuka kutoka Msumbiji. Nchi moja peke yake haiwezi kulinda eneo kubwa namna hiyo.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo uvumi unapozaliwa. Manowari ya kigeni haijipeleki gatini. Ubalozi huwasilisha noti ya kidiplomasia Wizara ya Mambo ya Nje, vyombo vya ulinzi hushauriwa, kibali hutoka kikiwa na tarehe za kuingia na kutoka. Siku ikifika, rubani wa bandari hupanda na kuiongoza meli, matishari yakisaidia. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani meli yoyote ina haki ya kupita bila madhara, lakini kufanya zoezi la silaha humo bila ridhaa yetu si kupita bila madhara. Manowari ikikaidi sheria zetu za upitaji baada ya kutakiwa izifuate, tunaweza kuiamuru iondoke mara moja.

Wananchi hulalamika kwamba polisi wetu hawapandi kuikagua. Hawapandi kwa sababu manowari ina kinga ya kutokaguliwa wala kukamatwa na nchi nyingine, na ofisa wetu huingia kwa ruhusa ya kamanda wake tu. Manowari ya Tanzania ikitia nanga ugenini hupata kinga hiyohiyo. Tumelieleza hili mara nyingi.

Wavuvi wa soko la samaki la Feri, ninyi mna hoja: kuambiwa muondoe nyavu kwenye njia ya meli bila maelezo kunaudhi, na taarifa inapaswa kuwafikia viongozi wenu wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwambao, mapema. Hata hivyo, njia ya meli si mahali pa kutega, manowari iwepo au isiwepo.

Abiria wa pantoni wanaonyanyua simu wafahamu kwamba kupiga picha maeneo ya jeshi bila kibali ni kosa. Na anayesambaza kwa makusudi taarifa anayojua ni ya uongo asome Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. "Nimeforwadi tu" si utetezi wa kutegemea.

Kuuliza si kosa. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kama unataka kujua makubaliano fulani yamo katika kundi hilo au la, muulize mbunge wako. Ofisi yetu haina mamlaka ya kulijibu.