Mkeka wa bingwa: yanayobishaniwa kijiweni Majengo, na ukweli wake

Kijiwe ninachokaa jioni kiko jirani na soko la Majengo, hapa Dodoma. Kuna mabenchi mawili, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, kashata, na upepo wa mji huu unaotia vumbi kikombeni usipokifunika kwa kiganja. Mashindano makubwa yakikaribia, habari za zabibu na viwanja vya kujenga huwekwa kando na kila mtu anakuwa mtabiri. Nayapenda sana mabishano hayo, ndiyo maana huniuma yakisimama juu ya mambo yasiyo kweli.

Kubwa kuliko yote ni hili: kombe hubebwa na timu bora. Kijana mmoja wa bodaboda huniambia, "Mzee wangu, mpe mkubwa, ukalale." Lakini huyo huyo anajua kuliko mimi jinsi mkeka, ile orodha ya mechi za kubeti ambayo lazima zote zitiki, unavyochanika. Anachagua mechi tano, zote timu zake ni kubwa, na moja tu inamharibia. Basi bingwa naye hubeba mkeka wa namna hiyo. Katika Kombe la Dunia la timu 48, mfumo ulioanza na mashindano ya 2026, ukitoka makundi unatakiwa kuvuka mechi tano za mtoano mfululizo: 32 bora, 16 bora, robo, nusu na fainali. Tuseme timu yako ni kali hasa, na kila mechi ina nafasi ya asilimia 70 ya kusonga mbele. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mpaka zitimie tano, utapata 0.17 hivi. Yaani timu hiyo hiyo, inayopewa ushindi kila inaposhuka uwanjani, ikirudia safari hiyo mara 100 italikosa kombe kama mara 83. Mpinzani mmoja mmoja inamzidi, ila wote kwa pamoja wanaielemea.

Hungary ya 1954 ndiyo mfano ninaoupenda. Ilikuwa haijafungwa tangu 1950. Kwenye makundi iliipiga Ujerumani Magharibi 8-3. Zikakutana tena fainali, Hungary ikatangulia kwa mabao mawili ndani ya dakika kumi za mwanzo, ikapoteza 3-2. Anayeniambia kwamba siku ile timu bora ndiyo iliyobeba kombe, naomba anieleze yale mabao manane yalitoka wapi.

Wapo pia wanaoizika timu baada ya mechi ya kwanza. Hispania ilifungwa na Uswisi ilipofungua dimba 2010, na ikawa bingwa. Argentina iliingia Qatar 2022 ikiwa na mechi 36 bila kupoteza, Saudi Arabia ikaichapa 2-1, na mwisho Messi ndiye aliyeinua kombe. Lakini ya Ivory Coast ndiyo inayostahili kusimuliwa kwa watoto. Kwenye Afcon, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyofanyika kwao mwanzoni mwa 2024, walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea, kocha akaondolewa mashindano yakiendelea, wakapenya kama moja ya timu bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu kwenye makundi. Fainali wakaifunga Nigeria 2-1. Pale kijiweni nasi tulikuwa tumeshawafuta.

Na ile laana ya bingwa mtetezi, kwamba aliyebeba Kombe la Dunia hutolewa mapema mashindano yanayofuata? Ufaransa 2002, Italia 2010, Hispania 2014 na Ujerumani 2018 kweli ziliishia makundi. Lakini Brazil ilifika robo fainali 2006, na Ufaransa ikafika fainali 2022. Laana gani inayochagua?

Mabishano ya mchezaji bora wa wakati wote ndiyo yanayochelewesha watu makwao. Hoja inayorudi kila mara ni kuhesabu Ballon d'Or, tuzo ya kila mwaka ya mchezaji bora: Messi anazo nane, Pelé na Maradona hawana hata moja, basi kesi imekwisha. Kesi haijaanza hata. Hadi 1994 tuzo ile ilikuwa ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya peke yao, kwa hiyo Pelé wa Brazil na Maradona wa Argentina hawakuwa na haki ya kuishindania. Mlango ulifunguliwa 1995 kwa yeyote anayecheza klabu ya Ulaya, na mwaka ule ule akaingia George Weah wa Liberia akaichukua. Wachezaji wa klabu za kwingineko duniani walisubiri mpaka 2007. Na kwa wale wasemao kwamba bila Kombe la Dunia hakuna ukubwa, huyo Weah hakulicheza hata mara moja, kwa sababu Liberia haikufuzu. Mtu mmoja hawezi kufuzu kwa niaba ya nchi.

Vijana husema mpira wa zamani ulikuwa laini. Nawaelewa, picha zile huonekana za polepole. Lakini kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika Kombe la Dunia mwaka 1970, na ruhusa ya kubadilisha wachezaji ilianza hapo hapo. Mwaka 1962 Pelé aliumia mechi ya pili dhidi ya Chekoslovakia, akabaki uwanjani akichechemea kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuchukua nafasi yake. Hata baada ya kadi kuja, Maradona alichezewa faulo 23 katika mechi moja dhidi ya Italia, 1982, na Claudio Gentile aliyekuwa akimkaba alimaliza mechi yupo uwanjani. Eti Pelé hakujaribiwa na Wazungu? Mwaka huo huo wa 1962 alikwenda Lisbon na Santos, akafunga matatu nyumbani kwa Benfica, mabingwa wa Ulaya wenye Eusébio, mchezo ukaisha 5-2.

Juzi mmoja akasema Tanzania tulianza Afcon 2019, Misri. Hapo mzee anayetuuzia kahawa, ambaye huwa haingilii, akaliweka birika chini.

"Wanangu, sisi tulikwenda Nigeria, 1980. Tukatoka sare na Ivory Coast, bao moja kwa moja. Nilisikiliza redioni."

Ni kweli. Tulifungwa na Nigeria 3-1 na Misri 2-1, na baada ya hapo tukangoja miaka 39. Kikosi kile hakitajwi kwenye orodha zetu za kijiweni, kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kukiona kwenye simu. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki yake.

"Babu, hebu tutajie walioanza."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, akaanza na kipa.