Vipindi vichache, kazi nyingi: saa za mwanachuo

Katika familia nyingi za Newala, Tandahimba na Nachingwea, ambako fedha za korosho ndizo zinazosomesha, ipo imani ya siku nyingi kwamba kazi ngumu huishia kidato cha sita, na kwamba mwanachuo ana nafasi tele kwa kuwa ratiba yake ina vipindi vichache. Imani hiyo inaeleweka, kwani mwanafunzi wa sekondari hushinda darasani, ilhali wa chuo huweza kuonekana hosteli saa nne asubuhi.

Ratiba, hata hivyo, huonyesha sehemu tu ya kazi. Katika mfumo wa vyuo vya Tanzania, krediti moja, yaani kipimo cha ukubwa wa somo, huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwamo za mihadhara, semina, usomaji binafsi na maandalizi ya mitihani. Kwa hiyo somo la krediti 12 hudai saa 120. Mwenye masomo matano ya namna hiyo katika muhula wa wiki 15 anahitaji takriban saa 40 kwa wiki, yaani karibu sawa na mwajiriwa.

Anayetaka kuhakiki achukue mwongozo wa programu yake, azidishe krediti za muhula mmoja kwa 10, kisha agawanye kwa wiki za muhula. Ni vyema hesabu hiyo ifanywe pamoja na wazazi mapema, kwa sababu msimu wa korosho hukutana na kufunguliwa kwa vyuo, na kijana anayeahidi kurudi shambani kila mwisho wa wiki huenda anaahidi saa ambazo tayari zina kazi.