Kwarteti sebuleni: mahali pa kuketi na cha kusikiliza

Mimi hupiga viola, ala ya nyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, ambayo wasikilizaji wengi huiona lakini hawaisikii, kwa hiyo maelezo haya yana upendeleo nisiouficha. Katika ukumbi mkubwa, kwarteti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola na selo yenye sauti nzito, humfikia aliyeketi nyuma ikiwa imeshachanganyika na mwangwi wa kuta, naye huishia kufuata fidla ya kwanza tu kwa kuwa sauti yake ndiyo ya juu kabisa. Sebuleni kila ala husikika ikitokea upande wake.

Kwa anayeanza, napendekeza sehemu ya pili ya utungo wa kwarteti wa Joseph Haydn, Opus 76 namba 3 (ndivyo tungo zake zilivyopewa namba), uliochapishwa mwaka 1799. Wimbo wake, ambao leo ni wa taifa la Ujerumani, karibu haubadiliki. Kinachobadilika ni anayeubeba na wanachofanya wenzake. Fidla ya kwanza ikishautambulisha, fidla ya pili huuchukua huku ile ya kwanza ikiuzungushia noti za mbio, na viola na selo zikiwa kimya kabisa. Kisha zamu ni ya selo, halafu viola, na mwishowe fidla ya kwanza huurudia juu ya mpangilio mpya wa sauti. Ukiwa karibu, utamwona aliyenyamaza akiinua uta kabla ya zamu yake, na utasikia pumzi fupi ya puani ambayo kiongozi huivuta ili wote waingie pamoja, kwani hapo hakuna kondakta wa kuongoza muziki. Aliyewahi kuketi kando ya mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwenye taarabu anaijua raha hiyo.

Mara nyingi viola huwekwa ukingoni, kulia kwa wasikilizaji, na hapo matundu yake ya sauti huelekea nyuma. Basi chagua kiti cha kushoto.

Nairobi haikosi wapigaji, na shule ya muziki ya Kenya Conservatoire of Music ilianzishwa tangu 1944. Kinachotusumbua, kwa maoni yangu, ni vyumba. Zulia nene na mapazia mazito hunyonya sauti za juu hadi fidla zikasikika kama zimefunikwa blanketi, ilhali sakafu ya mbao iliyo wazi huzipa uhai. Paa la mabati lisilo na dari halifai kabisa mwezi wa Aprili, kwa sababu mvua ikishika kasi hata selo humezwa. Januari na Februari tatizo ni ukavu: mbao hunywea, vigingi hulegea, nyuzi hushuka. Wapigaji wakisimama kati ya sehemu mbili ili kuzirekebisha, tafadhali msianze mazungumzo, maana tunazisikiliza nyuzi hizo kwa shida.