Nyuma ya neno "mawazo": dhana potofu kuhusu dhuluma za nyumbani katika chumba cha ushauri

Mwanamke anapofika kwenye kliniki ya afya ya akili hapa Mombasa, ni nadra aanze kwa kusema kwamba nyumbani anapigwa. Husema ana mawazo. Husema usingizi hauji, moyo wamwenda mbio, kichwa kizito, na huenda amekwisha kuzungushwa kwa waganga wawili watatu kwa kudhaniwa kuwa amepandwa na jini. Mhudumu asiyefunzwa humwandikia dawa ya usingizi, humpangia tarehe ya kurudi, na faili hufungwa. Si kwamba mhudumu huyo hana huruma. Wengi wetu tulifunzwa kupima kiwango cha huzuni kabla ya kufunzwa kuuliza huzuni hiyo imetoka wapi.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na kwa wanaume ilikuwa asilimia 27. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria mwaka 2013 kwamba mwanamke aliyedhulumiwa na mwenzi wake ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuliko ambaye hajadhulumiwa. Kwa hivyo mhudumu wa afya ya akili anayesema kwamba hajawahi kukutana na mdhulumiwa, bila shaka amekutana nao wengi bila kuwatambua.

Dhana: "Angekuwa anadhulumiwa, angesema mwenyewe."

Hii ndiyo dhana inayoleta madhara makubwa zaidi, nami nitaikalia kidogo. Katika Pwani yetu mtu hulelewa akijua kwamba mambo ya nyumba husitiriwa, na kwamba anayeyatoa nje amejivua nguo yeye mwenyewe pamoja na watoto wake. Mwanamke wa namna hiyo akiulizwa kwa haraka, mlango ukiwa wazi na foleni ikichungulia, "Unapigwa?", jibu lake litakuwa hapana, tena atalitoa huku akitabasamu.

Tuchukue mfano ambao wauguzi wengi watautambua. Mgonjwa ameletwa na mavyaa yake. Kila swali linalomwendea mgonjwa hujibiwa na mavyaa: analala vipi, anakula nini, lini alianza "kubadilika". Mgonjwa mwenyewe ameinamisha kichwa akikunjakunja pindo la leso. Aliyefunzwa hatamfokea mzee wala hatamwonyesha kwamba anamshuku. Atasema kwa adabu, "Mamangu, hapa kwetu kila mgonjwa tunaonana naye peke yake kwanza, kisha tutakuita." Utaratibu huo lazima uwe wa kweli na wa wagonjwa wote, maana ukitumiwa kwa mmoja tu, wa nyumbani watajua mara moja ni kwa nini. Kadhalika katika kutafsiri: mgonjwa anayezungumza Kisomali, Kigiriama au Kidigo hawezi kusema ukweli ikiwa mkalimani wake ni shemeji.

Mkibaki wawili, namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Swali la jumla hufungua mlango bila kumwaibisha mtu: "Wengi wanaokuja hapa na mawazo kama yako huwa kuna jambo nyumbani linalowatia hofu. Je, kwako kuna mtu unayemwogopa?" Halafu swali la pili hushuka karibu zaidi: "Bwana akikasirika, huwa inakuwaje?" Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 haupendekezi kila mwanamke katika kila kliniki aulizwe kama anayejaziwa fomu. Unaelekeza kwamba mwenye dalili zinazoweza kutokana na dhuluma, kama sonona, wasiwasi, kujaribu kujiua, maumivu yasiyo na sababu inayojulikana au kuzama katika ulevi, aulizwe, tena aulizwe faraghani na mtu aliyefunzwa ambaye anajua atampeleka wapi akijibiwa ndiyo. Na akijibiwa hapana, asishikilie. Amwachie tu maneno kwamba mlango u wazi siku nyingine. Faragha hiyo nayo ni stara, na safari hii inamsitiri anayestahili kusitiriwa.

Dhana: "Bila alama mwilini, hakuna dhuluma."

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani haikuishia kwenye kipigo. Imetaja dhuluma za kihisia na kiuchumi, vitisho, kufuatiliwa, ukatili wa kingono ndani ya ndoa, ndoa za kulazimishwa, na hata wakwe kuingilia ndoa. Mwanamke anayenyang'anywa mshahara kila mwisho wa mwezi, anayehesabiwa dakika za kwenda sokoni, au anayenyimwa nauli ya kwenda kumwona mamake Likoni, tayari yumo ndani ya maana ya sheria hiyo.

Lakini hata katika kipigo chenyewe macho hudanganya. Sentensi ambayo ningetaka kila mwanafunzi wa ushauri nasaha aifunze sikio lake kuinasa ni hii: "Hakunipiga, alinikaba kidogo tu." Kukabwa koo mara nyingi hakuachi alama yoyote juu ya ngozi, ilhali ni miongoni mwa dalili nzito kabisa kwamba mtu huyo anaweza kuja kuuawa na aliyemkaba. Anayesikia neno hilo hana budi kuuliza kama alipoteza fahamu, kama sauti imekwaruza, kama anapata shida kumeza au kupumua, na kama alijikojolea, kisha ampeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu madhara yake huweza kujitokeza baada ya saa au siku kadhaa. Dalili nyingine za hatari ni silaha ndani ya nyumba, vitisho vya kuua, kupigwa wakati wa ujauzito, wivu usiokoma, na vipigo vinavyozidi kukaribiana.

Dhana: "Ni pombe na muguka."

Vileo huongeza ukali na hatari, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mtu huyohuyo aliyetafuna muguka mchana kutwa hakumpiga mwajiri wake wala askari wa kaunti. Alisubiri mpaka akafika nyumbani na kufunga mlango. Kumtibu uraibu ni jambo jema, ila mshauri asimwahidi mke kwamba dawa ya uraibu itamaliza na kipigo.

Dhana: "Walete wote wawili tuwapatanishe."

Sisi ni watu wa suluhu. Ndoa ikitikisika, wazee huitwa, kahawa humiminwa, na mambo mengi hutengenea. Mshauri nasaha aliyekulia humo huona ni jambo la kawaida kabisa kumwita mume ili wazungumze pamoja. Penye ugomvi wa watu wawili wenye nguvu sawa, huenda hilo likafaa. Penye hofu, halifai. Mke atanyamaza, au atasema ukweli kwa nusu saa kisha aulipie usiku kucha, na mume ataondoka akiwa amepata maneno mapya ya kitaalamu ya kumlaumu nayo: "Hata daktari alisema huna subira."

Kuna na jambo la mamlaka ambalo wahudumu hulichanganya. Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa Ibara ya 170 ya Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali mamlaka yake; mke anayedhuriwa aweza kudai fasakh huko, yaani ndoa ivunjwe na Kadhi. Ila kumjeruhi mtu ni jinai, na jinai haisikilizwi na Kadhi. Agizo la ulinzi, yaani amri ya mahakama ya kumzuia mdhulumu, chini ya sheria ya 2015 ni njia nyingine tena. Mhudumu si lazima awe wakili, lakini ajue kwamba njia hizi haziondoani, asije akamwambia mtu "nenda kwa Kadhi" akadhani amekwisha kumlinda.

Dhana: "Huyu ni mgonjwa wa akili; maneno yake si ya kutegemewa."

Watu wenye maradhi makali ya akili hudhulumiwa zaidi kuliko wengine, tena ugonjwa wenyewe hugeuzwa silaha: "Msimsikilize, hajanywa dawa." Mfikirie mwanamke anayesema kwamba mumewe anayajua yote anayoyaandika kwenye simu na kwamba humkuta kila aendako. Kwenye faili imeandikwa kwamba ana dhana za kuandamwa. Hakuna aliyemwuliza simu hiyo alinunuliwa na nani, nani aliyeiwasha mara ya kwanza, na kama WhatsApp yake imeunganishwa na kompyuta ya mtu mwingine. Inawezekana kweli akawa mgonjwa, na inawezekana pia anaandamwa, na yote mawili yakawa kweli kwa pamoja. Ndiyo maana mafunzo mazuri hukataza kumwuliza mume "maendeleo ya mgonjwa" kabla ya mgonjwa mwenyewe kuridhia.

Hapa ndipo dawa za usingizi nilizozitaja mwanzo zinaporudi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba dawa za kundi la benzodiazepini, ambazo hutuliza na kuleta usingizi, zisitolewe kutibu dalili za msongo kwa mtu mzima katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Mbali na hatari ya kuzizoea, kuna sababu ya wazi: huyu ni mtu ambaye huenda usalama wake unategemea kusikia kitasa cha mlango kikigeuka saa nane ya usiku.

Dhana: "Ikiwa ni kweli, mbona haondoki?"

Swali hili likitoka kinywani mwa mtaalamu, kikao kimekwisha. Wakati wa kuondoka, na wiki zinazofuata, ndio wakati ambao wengi huuawa. Yule anayekaa huenda amekwisha kupiga hesabu ya hatari kwa usahihi kuliko sisi. Kazi ya mhudumu ni kupanga naye: kitambulisho na vyeti vya watoto vihifadhiwe wapi, jirani gani anaweza kubishiwa hodi, nauli itoke wapi. Mtu mzima ndiye anayeamua kama atakwenda polisi. Akiwa mtoto, wajibu wetu ni mwingine.

Dhana: "Semina ya siku moja inatosha."

Semina ya siku moja hutoa cheti na chakula cha mchana. Nchini Uingereza, jaribio lililofanywa katika zahanati za madaktari wa kawaida huko Hackney, London, na Bristol, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, liliwapa wahudumu mafunzo pamoja na mtetezi maalumu wa kumpelekea wadhulumiwa moja kwa moja. Zahanati hizo zilitambua wadhulumiwa takriban mara 3 zaidi ya zile ambazo hazikupewa mpango huo. Uzito, kwa maoni yangu, uko kwenye huyo mtu wa kumpelekea. Mhudumu haulizi swali ambalo jibu lake hana pa kulipeleka.

Kwetu Mombasa ina maana kwamba kabla ya mafunzo kwisha, kila mshiriki awe amefika kwa miguu yake kwenye kituo cha manusura katika Hospitali Kuu ya Pwani na kwenye dawati la jinsia la polisi lililo karibu naye, ajue fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha, hujazwa vipi, akumbuke kwamba dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa haingoji kupita saa 72, na aihifadhi kichwani nambari 1195 ya msaada kwa wadhulumiwa, inayopigwa bila malipo. Ina maana pia ya kuigiza mazungumzo mara nyingi, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mhudumu, mpaka swali litoke bila kigugumizi, na kuwa na msimamizi wa kuzungumza naye baadaye, kwa kuwa miongoni mwa washiriki wamo wenyewe wanaorudi jioni kwenye nyumba za namna hiyo.

Na jambo la mwisho linalofanyiwa mazoezi ni dogo, nalo ni kadi ya kurudi kliniki. Kadi hiyo itasomwa nyumbani. Maelezo ya kikao, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, hubaki kwenye faili lililofungiwa kabatini; juu ya kadi huandikwa tarehe tu, baada ya kumwuliza ni siku gani anaweza kutoka, na ujumbe wa kumkumbusha utumwe kwenye simu ya nani.